Hitilafu ya umeme ndiyo nini hasa?

Kuna sentensi moja ambayo magazeti yetu yanaweza kuiandika yakiwa yamesinzia. Mnaijua wote. Nyumba imeungua Mabatini, au fremu tatu za maduka zimeteketea usiku kule Nyakato. Mwandishi anafika asubuhi, anaorodhesha vilivyoungua (makochi, magodoro, friji, vyeti vya watoto), anamtafuta mwenyekiti wa mtaa, halafu anaifunga habari yake hivi: chanzo cha moto huo kinadaiwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Nukta. Kesho yake tuko kwenye ziara ya mkuu wa mkoa.

Mimi ni ripota, kwa hiyo sentensi hiyo nakutana nayo kuliko mtu wa kawaida, na naomba niseme wazi kwamba inanikera. Hitilafu ipi? Ukimpelekea mhariri habari kwamba mzee fulani amefariki kwa "hitilafu ya mwili" atakurudisha ukaulize vizuri. Atataka kujua kama ni malaria, presha au gari lililomgonga. Lakini umeme ukiua mtu au ukiteketeza nyumba, neno hitilafu linatosha, kana kwamba tunazungumzia mapenzi ya Mungu.

Mtaani nako kuna sentensi yao, dada wa hiyo ya magazetini: umeme mkubwa umekuja. TV sita za mtaa mmoja zimekufa jioni moja, friji ya mama anayeuza barafu imetoa moshi, watu wamesimama nje mikono kiunoni wakipeana pole. Umeme mkubwa umekuja. Umetoka wapi? Hakuna anayeuliza. Nadhani vichwani mwetu tunaona huko Kidatu au kwenye Bwawa la Julius Nyerere kuna mtu kakosea kubonyeza kitu, umeme ukafura kama mto wa masika, ukasafiri kilomita zote hizo na kuja kuingia kwenye TV ya mtu wa Kirumba.

Hoja yangu leo ni hii. Radi zipo (ziwa letu ni moja ya sehemu zenye radi nyingi Afrika, hilo halina ubishi), na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo nao upo. Lakini TV za mtaa mzima zinapokufa kwa pamoja, huku taa za nyumba nyingine zikiwa zimefifia kama mshumaa, yaelekea hakuna umeme mkubwa uliokuja. Kuna waya ulioondoka. Tena siyo ule tunaouogopa. Ni ule mwingine, ambao mafundi wanauita nyutro na sisi wengine tunauita "ule usio na umeme". Kwa sababu hatuujui, hatuuulizi. Na kwa sababu hatuuulizi, hakuna wa kuwajibika.

Sasa naomba uvumilivu kidogo, turudi kidato cha pili.

Kila mtu anajua umeme wa nyumbani ni volti 230. Jiulize: 230 kutoka wapi? Volti siyo kitu kilichomo ndani ya waya kama maji kwenye ndoo. Volti ni tofauti kati ya sehemu mbili. Ukinionyesha waya mmoja peke yake na kuniuliza una volti ngapi, jibu sahihi ni kukuuliza: ukiulinganisha na nini?

Sisi watu wa kanda ya ziwa jambo hili tunalo mbele ya macho, hatulitazami tu. Kilima cha Bugando kina urefu gani? Kutoka ziwani ni mwendo wa kutoa jasho na kufika. Kutoka usawa wa bahari ni habari nyingine kabisa, maana ziwa lenyewe tayari liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Kilima ni kile kile, namba ni mbili, na zote ni za kweli. Au kumbukeni Mei 2020, maji yalipomeza mialo na nyumba za kando ya ziwa. Taarifa zilisema kipimo cha Jinja kimefika mita 13.42 na kuivuka rekodi ya 1964. Kuna watu walishangaa, ziwa ambalo lina mahali penye kina cha kama mita 80 linakuwaje na mita 13? Ni kwa sababu 13.42 haikuwa kina. Ilikuwa kimo cha maji kutoka kwenye alama ya sifuri iliyowekwa Jinja zamani. Mtu akiitumia namba hiyo akiwa Kampala, Kisumu au Mwanza, anahesabu kutoka alama ile ile, ndiyo maana wanaelewana.

Nyutro ndiyo alama ya sifuri ya nyumba yako. Ukisema soketi ina volti 230 unasema waya wa moto uko volti 230 kutoka kwenye nyutro. Bila nyutro, hiyo 230 haina miguu ya kusimamia.

Ila mfano wangu wa Jinja unaishia hapo, maana umeme una tabia mbaya kuliko maji. Ukiing'oa ile alama ya Jinja, ziwa halitapanda wala kushuka hata tone. Ukiing'oa nyutro, volti zenyewe zinahama. Na ndipo TV zinapoungua.

Tuitazame transfoma ya mtaani. Kwa juu inaingiziwa umeme wa volti 11,000 au 33,000. Kwa chini zinatoka nyaya nne. Tatu ni fezi, na ya nne ni nyutro, inayotoka pale ambapo koili tatu za ndani zinakutana. Kutoka fezi yoyote hadi nyutro ni volti 230. Kutoka fezi moja hadi fezi nyingine siyo 230 wala siyo 460, ni kama 400, kwa sababu mawimbi yao hayapandi kwa wakati mmoja. Halafu ile nyutro inafungwa kwenye waya unaoshuka na nguzo na kuzikwa ardhini. Usipoizika, upande mzima wa chini unabaki unaelea, na siku insulesheni ya ndani ya transfoma ikichoka, umeme wa 11,000 unaweza kushuka mpaka kwenye taa ya chumbani kwako bila kitu cha kuushika. Kwa hiyo tumeikubali dunia yenyewe, huu udongo tunaoukanyaga, iwe sifuri, na nyutro tumeifunga hapo.

Ndiyo maana ukiigusa nyutro iliyo nzima hukuti kitu. Siyo kwamba haina umeme! Pasi ikivuta ampea 5 kwenye waya wa moto, ampea 5 hizo hizo zinapita kwenye nyutro. Hakuna njia ya kwenda bila ya kurudi. Upole wa nyutro siyo wa asili, ni upole wa ng'ombe aliyefungwa kamba. Kata kamba uone.

Kamba inaweza kukatika sehemu mbili, na matokeo hayafanani.

Kwanza, kati ya nguzo na nyumba yako, au kwenye meni swichi, au kwenye soketi ambayo skrubu yake haikukazwa. Taa zote zinazimika. Baba mwenye nyumba anasema umeme umekatika. Anachungulia kwa jirani, kwa jirani upo. Basi anachukua testa, anaingiza kwenye soketi, inawaka. Anaingiza tundu la pili, inawaka pia! Matundu yote mawili. Hapo watu wengi wanachanganyikiwa, wengine wanatania kwamba leo tumepewa umeme mara mbili. Kilichotokea ni rahisi: waya wa moto bado uko hai, umeme umepita ndani ya balbu na TV zilizowashwa, umefika upande wa pili na umekosa pa kurudia. Kwa hiyo nyutro yote ya nyumba sasa imepanda na kufikia volti 230 kutoka ardhini. "Ule usio na umeme" sasa unao, na njia pekee ya kurudi inayousubiri ni mwili wa yule atakayeushika akiwa peku kwenye sakafu yenye maji.

Ongeza hapo kwamba testa yenyewe haikuambii ukweli wote. Kile kitaa cha ndani kinawaka kwa sababu umeme kidogo sana unapita kwenye testa, kwenye kidole chako, kwenye mwili wako hadi chini. Testa inakutumia wewe kama alama ya sifuri. Inaweza kukuambia waya huu uko mbali na wewe kivolti. Haiwezi kukuambia kama nyutro imefika kwenye nguzo. Kwa hilo unahitaji mita ya fundi: moto na nyutro karibu 230, moto na erthi karibu 230, nyutro na erthi sifuri au volti chache tu. Namba ya tatu ikiwa makumi, kuna kitu kimelegea. Ni vipimo vitatu vya dakika moja, na fundi asiyekuja na mita amekuja na bahati.

Sehemu ya pili ya kukatika ndiyo inayozaa hadithi za umeme mkubwa. Ni pale nyutro inapoachia kwenye laini ya mtaa yenyewe, kabla haijazifikia nyumba kadhaa ambazo ziko kwenye fezi tofauti. Kwenye laini zetu za aluminiamu mambo ya kuiachisha hayakosekani: kiungo cha aluminiamu na shaba kisichotumia klampu yake maalumu, kinachokula kutu pole pole, klampu iliyolegea, tawi la mwembe, lori lililogonga nguzo, mwizi wa waya.

Chukua nyumba mbili. Yako iko kwenye fezi ya kwanza, umewasha TV na king'amuzi na taa mbili, jumla wati 115. Jirani yuko kwenye fezi ya pili, anapiga pasi ya wati 1,150. Nyutro ikiwa nzima kila mmoja ana 230 zake, hamjuani. Nyutro ikikatika, nyutro zenu mbili bado zimeungana zenyewe kwa zenyewe, ila hazina tena njia ya kwenda transfoma. Sasa umeme unatoka fezi ya kwanza, unapita TV yako, unapita pasi ya jirani, unaingia fezi ya pili. Ni volti 400 mnagawana wawili. Mnagawanaje? Siyo nusu kwa nusu. Mwenye mzigo mdogo, ambaye vyombo vyake vina ukinzani mkubwa, ndiye anayebeba volti nyingi. Mzigo wako ni sehemu moja ya kumi ya wa jirani, kwa hiyo kwa hesabu rahisi unapata sehemu kumi kati ya kumi na moja: karibu volti 364. Jirani anabaki na 36, pasi yake inapoa, anailaumu pasi. TV yako inalia pwaa.

Angalia mambo yalivyo hapo. Hakuna hata volti moja ya ziada iliyotoka Kidatu. Volti 400 zilikuwepo juu ya nguzo toka asubuhi, toka mwaka jana, toka laini ijengwe. Nyutro ndiyo iliyokuwa inazigawa kwa haki. Na mwenye kuumia ni yule aliyekuwa anatumia kidogo, mama mwenye taa na redio na friji moja ya barafu. Sijui kama kuna waya mwingine wenye siasa namna hii.

Dalili yake huwa inatangulia, maana kiungo hulegea kabla hakijaachia. Taa zako zinang'aa kupita kawaida jirani anapowasha kitu kikubwa, na za kwake zinafifia. Au zako ndizo zinazofifia na friji inanguruma bila kuwaka, nayo hiyo inaua kompresa vile vile. Hapo unazima meni swichi, siyo TV peke yake, unawaambia majirani wazime zao, halafu mnapiga simu TANESCO na kusema neno lenyewe: tunahisi nyutro ya laini imelegea. Nadhani kuna tofauti kubwa kati ya kusema hivyo na kusema "huku umeme unasumbua".

Wafanyabiashara wa vifaa wameshaelewa, wanatuuzia friji gadi na stebilaiza. Sina ugomvi nao, kifaa kinachokata volti zikizidi kinaokoa friji. Ninachokataa ni mtaa mzima wa nyumba arobaini kila mmoja anunue ngao yake, halafu klampu moja juu ya nguzo isikaguliwe miaka na miaka.

Sasa tuje kwenye Mwanza yenyewe, maana hapa kwetu kuna kitu ambacho mtu wa Dar es Salaam anaweza asikielewe haraka. Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Tunajisifu, tunajiita Rock City, tunapiga picha na Jiwe la Bismarck. Haya, panda Igogo au Mabatini uone nyumba zilivyokaa katikati ya majabali ya granaiti, nyingine zimetumia jabali kama ukuta wa nyuma. Halafu jiulize: erthi imechimbiwa wapi?

Erthi siyo nyutro, japo zinakutana kule kwenye transfoma kwa njia ya ardhi. Erthi ni waya wa akiba, unaoshika mabodi ya vyuma (friji, pasi, jiko la umeme) na kuyapeleka kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Siku waya wa moto ukigusa bodi la friji, umeme ukimbilie chini badala ya kumsubiri mtoto anayekwenda kuchukua maji ya baridi. Hii inafanya kazi pale udongo unapopitisha umeme. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu unapitisha vizuri. Granaiti kavu inakataa, tofauti yake na mfinyanzi ni ya mamia ya mara. Fundi anapiga fimbo nyundo tatu, inagonga jiwe. Fundi mwenye maarifa atatafuta mfuko wa udongo kati ya mawe, atapiga fimbo kadhaa na kuziunganisha, au atalaza mkanda wa shaba kwenye mtaro mrefu. Fundi mwenye haraka ataikata fimbo kwa msumeno, kipande kilichobaki atakisimamisha na kukifunika kwa zege. Kwa macho, erthi ipo. Waya wa kijani na njano unaonekana unaingia chini. Mwenye nyumba ameridhika.

Tufanye hesabu. Tuseme hiyo erthi ya juu ya mwamba ina ukinzani wa omu 100. Waya wa moto ukigusa bodi la friji, zitapita ampea 2.3 tu. Breka ya ampea 20 haitikisiki, kwake hiyo ni kama mtu amewasha kitu kidogo. Bodi la friji linabaki na karibu volti 230 usiku kucha. Na huo uvujaji ni kama wati 529, yaani uniti 12 na ushee za LUKU kwa siku zinazokwenda kupasha joto jiwe. Mwenye nyumba atalalamika kwamba mita inakula uniti. Kumbe mita inasema kweli, ila haijui kusema yote.

Dawa ya hili inajulikana na siyo ya ajabu. Ni kile kifaa cha RCD, cha miliampea 30. Kazi yake ni uhasibu: kinachotoka kwenye waya wa moto na kinachorudi kwenye nyutro lazima vilingane. Vikipishana kwa zaidi ya hizo miliampea 30, maana yake kuna umeme unaorudi kwa njia nyingine, labda kupitia mtu, na kinakata papo hapo hata kama erthi yako ni mbovu. (Hakikukingi na nyutro iliyokatika kwenye laini, msije mkanilaumu. Hiyo ni kazi ya kifaa kingine.) Kwa maoni yangu, katika mji wa mawe kama huu, na kwa watu wa Mwaloni Kirumba wanaofanya kazi na friji za samaki juu ya sakafu zisizokauka, RCD isingekuwa jambo la hiari.

Kuna na mengine ambayo nitayapitia haraka. Swichi iliyofungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto: taa inazimika vizuri kabisa, lakini holda bado ina umeme, na anayebadilisha balbu akiamini amezima ndiye anayeanguka na ngazi. Fyuzi kwenye nyutro, urithi wa nyumba za zamani, ni balaa hilo hilo. Jenereta dogo la dukani, ambalo nyutro yake mara nyingi inaelea, haijafungwa popote, hivyo testa inaweza kukupa majibu ya kushangaza na ukadhani ni bovu. Na ule ujanja wa wezi wa umeme wa kuikwepa nyutro na kurudishia umeme kwenye erthi ili mita isisome, ambao ukifanywa juu ya udongo mkavu unaugeuza uwanja wa nyumba kuwa na umeme. Kuku ndiye huwa anatangulia kujua.

Rangi nazo. Kwenye utaratibu wa zamani wa Waingereza, mweusi ni nyutro na mwekundu ni moto, na kwenye fezi tatu wa bluu ni fezi. Kwenye utaratibu mpya, ambao Uingereza wenyewe waliuhamia kati ya 2004 na 2006, bluu ni nyutro, kahawia ni moto, na mweusi kwenye fezi tatu ni fezi! Rangi mbili zimebadilishana kazi. Hapa kwetu nyumba za zamani zina nyaya za kwanza na maduka yana nyaya za pili, na fundi anayeongeza chumba cha uani anaunga hizi na zile. Nani amemwambia mwenye nyumba?

Mtanijibu kwamba sheria zipo. Ni kweli. Tuna Sheria ya Umeme ya 2008, na EWURA wanatoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme kwa madaraja. Lakini tusidanganyane, sisi ni watu wazima. Kila aliyejenga uswahilini anajua kwamba aliyefunga nyaya anaweza kuwa mtu mmoja na aliyegonga muhuri mwingine, na huyo wa muhuri labda hajawahi kuiona nyumba. Muhuri haupimi omu.

Kwa miaka mingi mjadala wetu wa umeme ulikuwa mmoja tu: upo au haupo? Mgawo, ratiba ya mgawo, jenereta. Tulikuwa na haki, huwezi kumlalamikia mpishi kuhusu chumvi wakati chakula chenyewe hakipo. Lakini Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha 2024, lina uwezo wa megawati 2,115, na sasa naona umefika wakati wa kuuliza kuhusu chumvi. Umeme unaofika nyumbani ukiwa hauna sifuri ya kusimamia ni mzigo kuliko giza.

Ninachotaka siyo kikubwa. TANESCO wanapotengeneza laini baada ya vyombo vya mtaa kuungua, waseme kwa maandishi walichokikuta: kiungo gani, kwenye nguzo ipi. Mtu anayedai fidia ya TV yake hawezi kwenda popote na neno hitilafu, lakini anaweza kwenda mbali na karatasi inayosema nyutro ilikutwa imeachia. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nao, wakimaliza uchunguzi wa moto, watutajie kilichoshindwa: kiungo kilichopata joto, waya mwembamba uliobebeshwa jiko, au nyutro. Na vyumba vya habari viache kuikubali ile sentensi. Ripota anayekwenda kwenye moto aulize kama taa za majirani zilififia au kung'aa kabla. Aulize kama breka ilikata. Aulize nani alifunga nyaya na nani aligonga muhuri. Akijibiwa "uchunguzi unaendelea", arudi wiki ijayo, maana huo uchunguzi una mwenyewe.

Mafundi mnaosoma hapa, najua mpo, sehemu ya maoni ni yenu. Nina swali moja nalotaka kulijibiwa na mtu aliyewahi kulifanya kwa mikono yake: kule juu kabisa Igogo, ambako hata choo kinachimbwa kwa kubahatisha, erthi mnaiweka wapi, na mkishaiweka mnaipima na nini?